Sanrufu imegoma baada ya kubadili betri

Ndugu yangu, unasema tangu ubadilishe betri, sanrufu, yaani kioo cha paa la gari, haijifungi kwa mguso mmoja. Inasogea kidogo, inasimama, na fundi amekwambia mota imekufa. Usitoe hela bado. Betri ikichomolewa, magari mengi husahau kioo kinaanzia wapi na kinaishia wapi, hivyo inabidi yakumbushwe. Washa swichi ya gari, funga kioo kwa kubonyeza kidogo kidogo, kisha kandamiza kitufe bila kuachia. Kwa baadhi ya magari ni kitufe cha kufunga, kwa mengine ni cha kuinua kioo upande wa nyuma. Kitabu cha gari lako kitakuonyesha. Kioo kinaweza kutikisika au kufunguka na kujifunga chenyewe. Endelea kushikilia mpaka kitulie. Tafadhali sana, watoto wakae mbali, kwa sababu wakati huo kinga ya kutobana vidole inaweza isifanye kazi.

Pazia la ndani chini ya kioo, ulilouliza kwa nini halijifungi pamoja nacho, halijaharibika. Kwenye magari mengi yenye pazia la mkono, kioo kikifunguka hulirudisha nyuma, lakini kikifunga hakilivuti, unalivuta mwenyewe. Likikwama, usilazimishe.

Ukimaliza, futa vumbi kwenye reli, kisha mimina maji kidogo kwenye vitundu vya pembeni. Yakitokea chini ya gari, mipira ya kutolea maji iko wazi. Yasipotokea, izibuliwe kabla ya masika, la sivyo maji yataingia darini.