Lekchara kaandika "maelezo mengi, hoja hakuna", nifanyeje?

Barua za mwezi huu kutoka Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria nyingi zinazunguka jambo moja, kufikiri kwa kina na kujenga hoja. Nimechagua tatu, ya kwanza nitaijibu kwa urefu maana najua wako wengi wenye shida hiyohiyo na wanaona aibu kuuliza.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko chuo mwaka wa kwanza, nimepanga geto huku Nyegezi. Kidato cha sita nilifaulu vizuri, nilikuwa nakariri madesa mpaka usiku wa manane. Sasa huku chuo asaimenti ya kwanza tukaulizwa kama uvuvi haramu ndo sababu ya samaki kupungua Ziwa Victoria, nikajaza kurasa sita, nikaweka kila kitu ninachokijua, imerudi na maandishi mekundu: "maelezo mengi, hoja hakuna". Wenzangu wananiambia ongeza refarensi. Na kwenye semina nikiongea tu wananizima, swali moja nabaki kimya. Hivi hii kufikiri kwa kina mtu anazaliwa nayo au inafundishwa mahali? Nimekutumia na picha ya ukurasa wa kwanza. – S., Nyegezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna anayezaliwa nayo, toa kabisa hiyo hofu. Ni ujuzi, unafundishika, ila miaka yote ya shule ulikuwa unapewa maksi kwa kurudisha ulichopewa, leo umefika mahali unaulizwa we mwenyewe unasemaje na kwa nini tukuamini, na katikati hapo hakuna aliyekaa na wewe akakuonyesha inafanywaje. Na refarensi hata uweke thelathini hazitakuokoa kama hujui unazitumia kufanya kazi gani.

Ukurasa wako nimeusoma. Umeandika: "Uvuvi haramu umeongezeka. Wavuvi wanatumia makokoro na nyavu za macho madogo. Samaki wamepungua ziwani." Sentensi zote tatu zinaweza kuwa kweli na bado ukawa hujathibitisha kitu, kwa sababu hujasema hizo mbili za mwanzo zinatufikishaje kwenye ya mwisho. Kuna mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, mwaka 1958 aliifumua hoja akaonyesha kwamba ndani yake kuna dai, kuna ushahidi, na kuna kiungo, yaani ile sababu inayoturuhusu kutoka kwenye ushahidi tufike kwenye dai (alitaja na vingine, ila anza na hivi vitatu). Wanafunzi wengi dai mnalo, ushahidi mnao wa kumwaga, kiungo mnakiruka mkidhani msomaji atajiunganishia mwenyewe. Lekchara hakuunganishii, ndo maana ya ule wino mwekundu.

Kiungo chako kingekuwa hivi: kokoro ni wavu, linaburutwa kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufukwe, na hukohuko ndo samaki wengi wachanga wanakokulia, kwa hiyo linazoa sangara ambao hawajafika hata zile sentimita 50 zinazotakiwa kisheria, wanaondolewa kabla hawajazaa, na wasipozaa miaka inayofuata wakubwa wanakuwa wachache. Umeona? Hapo umeanza kujenga. Na uzuri wa kukiandika kiungo ni kwamba sasa kinaonekana, mtu anaweza kukishika na kukiuliza maswali, na wa kwanza kukiuliza uwe wewe kabla ya darasa.

Kwa mfano unasema samaki wamepungua, samaki gani, na lini? Maana miaka ya 1980 furu walipungua vibaya sana, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao wengi wao hawapatikani popote duniani isipokuwa ziwa letu, aina nyingi zikapotea kabisa, na mshukiwa wa kwanza pale sio kokoro, ni sangara mwenyewe, ambaye sio mwenyeji wa ziwa hili, alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka na kuwala. Kwa hiyo dai lako kama ulivyoliandika, "samaki", linavunjika kwa swali moja tu la mtu anayejua habari za furu. Lipunguze. Sema uvuvi haramu umechangia kupunguza sangara wakubwa, halafu tetea hilo. Wanafunzi mnaogopa kupunguza dai mnaona kama mnajishusha, mi naona kinyume chake kabisa, ukiniambia mipaka ya unachokisema ndo naanza kukuamini.

Sasa la semina. Wanaokuzima sidhani kama wanakuzidi akili, wanachofanya ni kutaja sababu nyingine ambayo hukuifikiria. Mtu anafika soko la Mwaloni pale Kirumba, anakuta bei ya dagaa imepanda kuliko wiki mbili zilizopita, anatoka anatangaza dagaa wanaisha ziwani. Mama anayeuza pale atamuuliza kitu kimoja tu, mwezi umefikia wapi? Kwa sababu dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, wanaufuata mwanga, mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, mitumbwi inalala, mzigo unakuwa kidogo bei inapanda, giza likirudi inashuka. Ushahidi wa yule jamaa ulikuwa wa kweli kabisa, bei ilipanda, ila kulikuwa na maelezo mengine na hakuyatafuta. Kabla ya kunyoosha mkono kwenye semina jiulize, nini kingine kingeweza kuleta hiki ninachokiona? Ukipata jibu litaje mwenyewe kabla hawajalitaja wao, halafu ueleze kwa nini bado unasimama na lako, au upunguze.

Na swali la pili la kutembea nalo ni hili: ukilinganisha na nini? Hapa nataka nikupe mfano wa nyumbani, inaniuma kuona vijana wa Mwanza wanakariri mifano ya mbali wakati mmoja wa tafiti zinazosomwa na madaktari dunia nzima ulifanyika vijijini kwetu. Miaka ya 1990 watafiti walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa mengine ya zinaa kunapunguza maambukizi ya VVU. Wangeweza kuboresha tiba kila mahali halafu wakaangalia namba. Hawakufanya hivyo. Walichukua jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza wakazipanga jozi 6 zinazofanana, kila jozi jamii moja ikaboreshewa tiba kwenye vituo vyake vya afya, wahudumu wakafundishwa, dawa zikapatikana, nyingine ikabaki na huduma kama ilivyokuwa. Baada ya miaka miwili, kwenye jamii zilizoboreshewa walioambukizwa VVU upya walikuwa asilimia 1.2, kwenye zile nyingine 1.9, yaani pungufu ya kama asilimia 40. Matokeo yalitoka 1995. Sasa ondoa zile jamii za kulinganisha, ubaki na 1.2 peke yake. Inakuambia nini? Hakuna kitu, hujui ni kidogo au ni kikubwa.

Na haikuishia hapo, na hapa ndo naomba usome taratibu. Upande wa pili wa ziwa hili, wilaya ya Rakai nchini Uganda, wengine wakajaribu wazo lilelile kwa njia tofauti, wakawapa dawa watu wazima wote nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10, matokeo yakatoka 1999, VVU haikupungua. Kijiweni hapo mtu angesema basi mmoja kati yao kadanganya na ubishi ungeenda mpaka jioni. Wataalamu wakauliza, vimetofautiana wapi? Mwanza mtu mwenye dalili alikuwa anatibiwa siku yoyote akienda kituoni, Rakai dawa ilipita mara moja na katikati ya hiyo miezi 10 mtu aliweza kuugua tena. Halafu Rakai VVU ilikuwa imeshasambaa sana, kama asilimia 16 ya watu wazima, vijijini Mwanza ilikuwa kama 4. Kwa hiyo majibu mawili yanayopingana yanaweza yote kuwa ya kweli kila moja mahali pake. Ukiweza kuandika aya moja ya namna hii kwenye asaimenti yako, ukaweka tafiti mbili zinazogongana na kueleza kwa nini zinagongana, maoni ya lekchara yatabadilika.

Kazi yako ya wiki hii: chukua zile kurasa sita, pembeni ya kila aya andika kwa penseli sentensi moja inayojibu "kwa hiyo?". Aya ambayo huna la kuijibia, ifute hata kama inakuuma. Naamini zitabaki kurasa mbili au tatu na hizo ndo zitakuwa na kitu.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mi ni mama, nauza mitumba Makoroboi. Kijana wangu yuko kidato cha tano kajiunga na klabu ya mdahalo, mwanzo nilifurahi, ila sasa nyumbani hapakaliki. Ukimwambia kitu anajibu "ushahidi uko wapi mama". Juzi kamwambia baba yake hiyo sio hoja, mbele ya wageni. Baba yake anataka amtoe klabu. Mnawafundisha watoto kufikiri au mnawafundisha kiburi? – Mama wa Igoma

JIBU: Pole mama, na salamu kwa mzee. Naomba asimtoe. Kijana amejifunza nusu, kajua kukagua maneno ya wengine ila bado hajajifunza kusikiliza, na hiyo nusu ya pili mnaweza kuimaliza nyumbani.

Weka sharti moja. Kabla hajapinga kitu chochote ulichosema, akirudie kwanza kwa maneno yake mpaka we mwenyewe ukubali, "ndio, hicho ndo nilichosema". Asipokipata sawasawa haruhusiwi kupinga. Utashangaa siku za kwanza atavyohangaika, kwa sababu anayewahi kupinga mara nyingi anapinga kitu ambacho mwenzake hakukisema, anamtungia maneno halafu anayapiga hayohayo. Hilo ni kosa la hoja, hata kwenye klabu yao atanyang'anywa pointi.

Na heshima haizuii kuhoji, lugha yetu ina njia zake. "Samahani baba, naomba unieleweshe hapo, kama ni hivyo mbona..." Hilo ni swali gumu kuliko "ushahidi uko wapi" na hakuna mgeni atakayeona mtoto kavunja adabu. Mwambie pia kwamba kuna vitu mzazi anaamua kwa sababu yeye ndo anayebeba lawama likitokea la kutokea, kama saa ya kurudi nyumbani. Kwenye hivyo aruhusiwe kuuliza sababu na apewe, ila kujibiwa hakumaanishi uamuzi umehamia kwake.

Akitaka kitu kikubwa, tuseme simu mpya, mpeni nafasi aitetee mezani, baba yake akiwepo. Aeleze gharama, aeleze na sababu za kutomnunulia. Akizitaja vizuri hizo za kutomnunulia, huyo mtoto anakua, hata kama simu hapati.

SWALI: Mwalimu mi niko fomu three Ukerewe. Shuleni kwetu mdahalo ni kwa Kiingereza na mi Kiingereza kinanipiga chenga, nikisimama nasalimia mwenyekiti na majaji na mtunza muda halafu kila kitu kinapotea. Wanaoshinda ni wale wenye Kiingereza kizuri hata kama wanaongea vitu havieleweki. Je, bila Kiingereza huwezi kuwa na hoja? – Fomu three, Nansio

JIBU: Hoja unayo, hiyo barua yako ni hoja tayari. Umetoa dai kwamba majaji wanapima lugha badala ya hoja na umetoa ulichokiona. Iandike hoja yako kwanza kwa Kiswahili, au Kikerewe kama ndo unachowazia, dai moja, ushahidi mmoja, kiungo kimoja, mpaka ikae sawa. Halafu ndo uipeleke kwenye Kiingereza kwa sentensi fupifupi, na sentensi tano ulizozielewa zinatosha kusimama nazo. Kiingereza endelea kukisoma maana mitihani ya sekondari iko kwa hicho, ila usikubali mtu akuaminishe kwamba usichoweza kukisema kwa Kiingereza hujakifikiria. Na mwombeni mwalimu wa klabu awe anatoa maksi za hoja mbali na za lugha, karatasi ya majaji iwe na safu mbili, hilo halina gharama.

Halafu nakupa mchezo ambao hauhitaji Kiingereza. Mwanasaikolojia wa Uingereza Peter Wason aliufanyia utafiti mwaka 1960. Waambie wenzako: nina kanuni kichwani, na namba 2, 4, 6 zinaifuata. Wao watunge namba tatutatu, kila mara we unajibu ndio au hapana tu, wakishakuwa na uhakika waseme kanuni ni ipi. Wengi watakuja na 8, 10, 12, ndio. 20, 22, 24, ndio. Watasimama kwa kujiamini, "kanuni ni kuongeza mbili!" Hapana. Kanuni ni namba yoyote tatu zinazopanda, hata 1, 7, 50. Wanaikosa kwa sababu wanaleta mifano inayokubaliana na wanachokiamini tu, hakuna anayejaribu 6, 4, 2 au 3, 10, 11 aone kama itakataliwa. Wason aliona hivyohivyo kwa watu wazima waliosoma. Ucheze kabla ya mdahalo, na usiwape kanuni haraka, waache wabishane kwanza wao kwa wao wakiandika ubaoni kila walichojaribu, halafu waulize kwenye hiyo orodha ni mara ngapi walitunga namba wakitegemea kusikia hapana.