Majani yanayofutika kwenye marekani

SWALI: Nachapa majani ya mkaratusi kwenye marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ya kushonea mikoba. Nikifungua yanapendeza, nikifua mara moja yanabaki madoa. Shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, naweka. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kosa limeanza kabla ya shabu. Marekani mpya ina wanga na nta, na rangi iliyoshika juu ya hivyo huondoka navyo. Chemsha kitambaa saa nzima kwa sabuni kidogo na magadi, kijiko cha chai kwa kila lita ya maji. Maji yakiwa hudhurungi, mwaga urudie. Kikikauka kidondoshee tone la maji: likinywewa papo hapo kiko tayari, likisimama juu bado.

Halafu pamba haishiki shabu kama hariri inavyoshika; inataka tanini kwanza, yaani ule ukakasi ulio kwenye maganda ya mimea. Kwa kitambaa kikavu cha gramu 200, chemsha gramu 40 za maganda makavu ya komamanga nusu saa, chuja, ukiloweke humo saa mbili. Kamua, kisha kilaze usiku kucha kwenye gramu 30 za shabu iliyoyeyushwa kwa maji ya moto. Pima kwa mizani. Vipimo vya kiganja ndivyo vinavyowaponza wengi.

Suuza kidogo, kamua sana. Majani yachovye katika maji ya misumari yenye kutu na siki, yaliyozimuliwa. Chuma kikikutana na tanini hutoa kijivu kilichokoza, ila kikizidi kinakula pamba na mkoba utachanika kwenye mikunjo. Upande wa jani wenye mishipa iliyotokeza uguse kitambaa. Viringisha kwenye bomba, kaza kamba kwelikweli, pika kwa mvuke saa mbili, usifungue mpaka kipoe. Michoro yenye ukungu maana yake kitambaa kilikuwa chepechepe au kamba ililegea. Fua baada ya wiki. Na sufuria hiyo isirudi jikoni.

SWALI: Natengeneza hereni za mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Nikizitoboa zinapasuka. (Msomaji, Malindi)

JIBU: Acha kuzitoboa. Hizo ni za mturituri, zina sumu kali inayozuiwa na ganda lile gumu, nawe ndilo unalolivunja. Zilizokwisha kutobolewa zitupe mbali na watoto, unawe mikono. Badala yake tafuta zile mbegu za kijivu zinazong'aa za nyasi ndefu ya sehemu zenye maji: ukichomoa kijiti cha ndani, tundu limeshakuwepo. Zianike mpaka zikauke kabisa, zikae kwenye friza siku nne kuua wadudu, ndipo uzitunge kwa uzi wa nailoni.