Reli Ikifika Mlangoni: Maswali Yenu ya Treni Ndogo

Mlango umewashughulisha wengi safari hii. Nimechagua maswali matano, yote ya watu wanaotaka reli izunguke chumba kizima bila kuziba njia ya kutokea.

Fundi, shikamoo. Mlango wangu una upana wa sentimita 80. Nitengeneze kipande cha kunyanyua, yaani kipande cha meza kinachobeba reli mlangoni, au nipite chini ya meza?

Marahaba. Kupita chini ni kuzuri hadi mgongo uanze kudai haki yake. Kwa upana huo, tengeneza kipande cha kunyanyua na kuweka kando: hakina bawaba, hakina utundu. Ila kama unaingia na kutoka mara kumi kwa siku, tia bawaba. Na kabla hujagusa msumeno, fungua mlango wenyewe uone ubao wake unapita wapi.

Nimefunga bawaba, lakini nikinyanyua kipande, reli zinasukumana na kupinda. Nimekosea wapi?

Bawaba zako ziko chini ya reli. Pini ya bawaba inatakiwa iwe juu kuliko kichwa cha reli. Ikiwa chini, kipande kikinyanyuka ncha ya reli huisukuma mwenzake. Ikiwa juu, huachana nayo. Inua bawaba kwa vibao viwili, kimoja kila upande, kisha uzifiche kwa kibanda cha stesheni.

Mabehewa yanaanguka kila yanapovuka. Ncha za reli hazikutani sawasawa.

Naweza kuapa kwamba ulikata reli kwanza ndipo ukazilaza. Fanya kinyume. Unganisha kwanza meza za pande mbili kwa ubao imara, hata kama ubao huo utapita sakafuni kwenye kizingiti, maana meza inayocheza huharibu kila kitu. Kaza kipande mahali pake kwa skrubu, kana kwamba hakitatoka kamwe. Laza reli moja kwa moja toka upande huu hadi ule. Pale utakapokata, zamisha skrubu za shaba njano chini ya reli, mbili kila upande wa mkato, na uzilehemu reli juu ya vichwa vyake. Mataruma ya plastiki peke yake hayashiki ncha. Sasa kata kwa kisahani chembamba cha kukatia chuma, mwanya usizidi milimita moja, na upitishe tupa kidogo kwenye kingo za ndani.

Ili kipande kirudi palepale kila mara, tumia pini za chuma zinazoingia kwenye matundu yenye bushi, yaani vibomba vya chuma. Wengine hutumia makomeo ya mlango, nami nayapenda: yanashika, na yakiungwa waya yanapitisha umeme.

Wewe wa Mombasa uliyeuliza jambo hilohilo, kwako adui ni unyevu. Tumia plaiwudi, si mbao mbichi, na uipake rangi pande zote, hasa pale ilipokatwa.

Nikisahau kukirudisha, treni itaanguka sakafuni?

Itaanguka, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu yako. Umeme wa kipande, pamoja na wa mita moja ya reli kila upande, upite kwenye plagi ambayo lazima uichomoe ndipo kipande kitoke. Ikichomolewa, injini inakufa kabla ya shimo. Lakini injini yenye kapasita, yaani kifaa kinachotunza umeme kidogo, huendelea kutembea, na injini inayosukuma mabehewa kutoka nyuma inaweza kuyatupa yote kabla yenyewe haijafika sehemu iliyokufa. Weka pia kizuizi cha mbao kila upande.

Nina reli za N, kipimo kidogo kuliko HO ya wengi. Njia ni hiyohiyo?

Hiyohiyo, kwa mkono mtulivu zaidi. Reli zako zimeachana milimita 9 tu, za HO ni 16.5. Nusu milimita ambayo HO huvumilia, kwako ni ajali. Na ukikitoa kipande, kitundike ukutani kwa ndoano mbili. Changu nilikiegemeza sakafuni, akaja mgeni kuniamkia, akakipiga teke.