Kutafuta nyumba karibu na Uwanja wa Wilson

Tangu ndege ya madaktari wa AMREF ilipoanguka Mwihoko, Kiambu, tarehe 7 Agosti 2025, ikitoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwenda Hargeisa, Somaliland, jamaa wananipigia simu kuuliza kama South C, mtaa ulio jirani na uwanja huo, bado panakalika. Siku hiyo walikufa wanne waliokuwa ndani ya ndege na wawili waliokuwa chini. Mimi nimepanga South C miaka mingi na sina haja ya kuhama. Ila yapo mambo ningetaka mtu ayajue kabla ya kulipa.

Usihangaike sana na umbali. Mwihoko kwenyewe ni mbali na Wilson. Hatari kubwa ya ndege iko wakati wa kuruka na kutua, na wakati huo ndege hufuata mstari ulionyooka. Anayekaa ubavuni mwa uwanja, akasikia kelele kutwa, huenda yuko salama kuliko aliye kilomita mbili mbele ya ncha ya njia ya kurukia. Wilson ina njia mbili: 07/25 na 14/32. Ongeza sifuri upate digrii za dira, kisha fungua ramani kwenye simu, vuta mstari kutoka kila ncha, uone unapita juu ya paa la nani. Halafu usiende kutazama nyumba Jumapili alasiri. Nenda asubuhi, safari za ndege za kwenda mbuga ya Maasai Mara zinapoanza, na urudi siku nyingine, maana upepo ukigeuka ndege nazo hubadilisha upande.

Suala la ghorofa ndilo linaloniudhi zaidi. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mchana wa joto ndege iliyojaa hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, kisha hupanda polepole. Nazo kanuni za kimataifa huweka kikomo cha mita 45 juu ya usawa wa uwanja kwa majengo yaliyouzunguka, na chini zaidi kwa yaliyo karibu na ncha za njia. Uwanja huu ulikuwapo tangu miaka ya 1930. Sisi na maghorofa yetu ndio tuliokuja kuusogelea. Na kizuizi si lazima kiwe mnara. Busia, Januari 2003, ndege iliyobeba mawaziri iligonga nyaya za umeme ilipokuwa ikiruka. Waziri Ahmed Khalif na marubani wawili walifariki.

Kwa hiyo ulizia barua ya kibali cha urefu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Ajenti mmoja alinionyesha karatasi za NEMA, mamlaka ya mazingira, na ramani za kaunti, zote safi. Nilipomuuliza ile barua akacheka: "Mama, ndege zina rubani, haziendi kama mkokoteni." Nikamshukuru, nikaondoka. Ukiipata barua hiyo, simama nje uhesabu ghorofa kwa kidole, ulinganishe na urefu ulioruhusiwa, kisha tazama kilichoongezwa juu: tangi la maji, mlingoti wa simu, bango la matangazo.

Mkishahamia, jambo moja liko mikononi mwa wakaazi wenyewe, nalo ni taka. Jaa la uchochoroni huvuta ndege wa angani, na wale korongo wakubwa wa Nairobi wanaopenda mizoga si wadogo. Mmoja akiingia kwenye injini ni balaa. Chama chetu cha wakaazi kilipombana mzoa taka apite kwa ratiba, jaa la nyuma yetu lilipungua, na korongo wakapungua nalo.

Anayenunua aombe pia kuona bima ya jengo. Katika orodha ya majanga, pamoja na moto na mafuriko, atafute kama kuangukiwa na ndege kumeandikwa. Mpangaji naye akumbuke kwamba bima ya mwenye nyumba hailipi vyombo vyake.