Vitumbua laini kama vya bibi

Dada, umeuliza kwa nini vitumbua vyako vinatoka vigumu, si kama vile vya asubuhi kwa bibi yako Tanga. Nadhani ni unga wa mchele wa dukani. Loweka mchele usiku kucha, uchuje, usage kwa tui zito la nazi pamoja na konzi ya wali uliopoa. Huo wali ndio unaolainisha. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Tia hamira, sukari kiasi na iliki uliyotwanga mwenyewe, tafadhali, si ya pakiti. Funika mpaka uumuke. Chuma cha vitumbua kipate moto sawasawa, kisha punguza moto, umimine rojo. Kingo zikikauka na katikati pakitoboka matundu, geuza. Sukari ikizidi vitaungua nje, ndani vibichi.