Sanduku la Wasomaji: Kiti cha Kaunti Huingiwa kwa Mlango Gani?

Barua nyingi za mwezi huu, kutoka Amu hadi Malindi, zinauliza neno moja kwa njia mbalimbali: wakubwa wa kaunti wametoka wapi, na mtu afanye nini ili afike walipo? Tumechagua sita.

*Mhariri, nina shahada ya ualimu na miaka tisa ya kufundisha sekondari. Wenzangu wananisukuma niutake uwaziri wa elimu wa kaunti. Natosha?* (Mwalimu, Faza)

Kwa karatasi unatosha, Mwalimu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 35, inataka raia wa Kenya mwenye shahada ya kwanza ya chuo kinachotambuliwa nchini, anayetimiza masharti ya maadili ya Sura ya Sita ya Katiba, na mwenye ujuzi wa miaka isiyopungua 5 katika fani ya idara anayopendekezwa.

Hiyo “fani ya idara” ndiyo huwatoa watu jasho. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa na Jedwali la Nne la Katiba masomo ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Siku utakayopigwa msasa hutaulizwa matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne. Utaulizwa walimu wa chekechea wameajiriwa kwa masharti gani, na chuo cha ufundi chenye cherehani mbovu utakifufua vipi. Anza sasa: ingia katika bodi ya chuo cha ufundi kilicho karibu nawe au kamati ya chekechea ya mtaa, na uhakikishe uteuzi wako umeandikwa katika barua.

Jua pia kwamba kiti hiki hakiombwi kama kazi nyingine. Gavana hupendekeza jina na bunge la kaunti huliidhinisha. Kuna magavana waliowahi kutangaza nafasi na kupokea maombi, lakini kwa mawaziri sheria haiwalazimishi. Na kwenu Lamu viti ni haba. Katiba, kifungu cha 179, inaruhusu mawaziri hadi 10 pale bunge la kaunti linapokuwa na wajumbe 30 au zaidi, kama Kilifi yenye wadi 35. Bunge lenye wajumbe chini ya 30 hupata mawaziri wasiozidi theluthi moja ya wajumbe wake, na Lamu ina wadi 10 tu. Ndiyo maana utaona idara mbili tatu zimefungwa kamba moja. Isitoshe, orodha nzima haiwezi kupitishwa ikiwa zaidi ya theluthi mbili ni wa jinsia moja, au ikiwa jamii ndogo zimesahauliwa. Mtu anaweza kufaa yeye binafsi na bado akaachwa kwa sababu ya mizani hiyo.

*Magavana wetu walikuwa nani kabla ya ugavana?* (Kijana wa Ganda, Malindi)

Siasa na uwakili, kwa kifupi. Amason Kingi, gavana wa kwanza wa Kilifi, ni mwanasheria aliyekuwa mbunge wa Magarini na waziri katika serikali ya mseto. Alikaa mihula miwili, 2013 hadi 2022, kisha akawa spika wa Seneti. Gideon Mung'aro aliyempokea alianzia chini zaidi: baraza la mji wa Malindi, ambako alifikia umeya, kisha ubunge. Alishindwa na Kingi 2017 na kuingia 2022. Lamu, Issa Timamy ni wakili aliyechaguliwa 2013, akaangushwa 2017 na Fahim Twaha, aliyekuwa mbunge wa Lamu Magharibi kwa mihula miwili, kisha akarudi 2022.

Lililo wazi hapo ni kwamba kushindwa mara moja hakujamzuia mtu. Sharti la shahada kwa gavana na naibu wake limo katika Sheria ya Uchaguzi. Mtumishi wa umma anayetaka kugombea ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya siku ya kura. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, basi hesabu usije ukachelewa kwa juma moja.

*Mume wangu ni mhandisi wa maji na ameona tangazo la afisa mkuu wa idara. Kati ya waziri na afisa mkuu, mkubwa ni nani? Na maombi yake yasikwame wapi?* (Mama wa Shela, Malindi)

Kwa itifaki, waziri. Kwa kalamu ya pesa, afisa mkuu. Yeye ndiye mhasibu mwajibikaji wa idara: malipo hupita kwake, na mkaguzi mkuu wa hesabu akiuliza, barua huja kwa jina lake. Waziri huweka sera, naye hutekeleza. Wengi hutoka ndani ya fani, yaani wahandisi, madaktari, wahasibu na maafisa wa kilimo, na huanguka kwa jambo ambalo fani haikuwafundisha: zabuni na masurufu, yaani pesa anazotangulizwa mtumishi kwa matumizi ya kazi. Kanuni za fedha za kaunti zinataka masurufu ya safari yafanyiwe hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni. Mhandisi hodari wa mabomba anaweza kuhojiwa na kamati nzima kwa risiti za dereva. Asome Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kabla ya mahojiano.

Tofauti na uwaziri, nafasi hii hushindaniwa. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti hutangaza, huchuja na kuhoji, kisha gavana huteua kutoka kwa waliopita, na bunge la kaunti huidhinisha. Njia ya katibu wa kaunti, mkuu wa utumishi wote wa kaunti, ni hiyo hiyo.

Maombi mengi hufa mezani kwa mambo madogo. Wasifu unaosema “2014 hadi 2019” bila miezi unaweza kuhesabiwa miaka minne na ushei, na tangazo likitaka mitano, umeondoka. Aandike mwezi wa kuanza na wa kuacha kila kazi, na kila mstari uwe na barua ya ajira nyuma yake. Ukaimu usio na barua ni hadithi. Cheo kiitwe kama kilivyo kwenye barua, si kama wenzake kazini walivyokiita. Nambari ya tangazo iwe juu ya bahasha, au mahali palipotajwa ikiwa maombi ni ya mtandaoni.

Kisha vyeti vya uadilifu: fomu ya kujieleza ya tume ya maadili, cheti cha kodi, cheti cha mkopo wa elimu ya juu, cha historia ya mikopo, na cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi. Hicho cha mwisho huombwa kupitia eCitizen kwa Sh1,050 na kinahitaji alama za vidole. Mtu wa kazi ya mikono ambaye vidole vimechubuka apumzike siku kadhaa na kupaka mafuta usiku, kwani alama zisizosomeka huanzisha safari upya. Msomaji wa Kiunga au Faza aongeze la maji kupwa: avuke siku moja kabla ya mahojiano. Bodi haisubiri mashua.

*Shahada yangu ni ya Madina. Inahesabika?* (Ustadhi, Mkomani)

Inahesabika ikishatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Unahitaji cheti, orodha ya alama, na tafsiri rasmi ya Kiingereza ikiwa vimeandikwa kwa Kiarabu. Fanya hivyo kabla ya tangazo kutoka, kwa sababu matangazo hufungwa upesi kuliko tume inavyojibu. Angalia pia majina: “Muhammad” wa cheti na “Mohamed” wa kitambulisho huhitaji hati ya kiapo.

*Chifu na msimamizi wa wadi, nani bosi wa nani?* (Mkulima, Witu)

Hakuna. Chifu, naibu kamishna na kamishna wa kaunti ni watumishi wa serikali ya kitaifa, hao makamishna wakiwa warithi wa DO na DC, yaani maafisa wa tarafa na wakuu wa wilaya wa zamani. Msimamizi wa wadi ni wa kaunti, huajiriwa na bodi kwa ujuzi wa utawala. Waliozeeka wanaomkumbuka liwali na mudiri, watawala wa Pwani wa enzi ya ukoloni, hudhani kila ofisi ina bwana mmoja, na hapo ndipo mtu hupeleka lalamiko la zahanati kwa chifu na ugomvi wa mpaka kwa msimamizi, akageuzwa kote.

*Jina la mtu tunayemjua kuwa hafai limepelekwa bungeni. Tufanyeje?* (Wakazi, Kakuyuni)

Kelele za baraza hazina uzito. Sheria ya kuidhinisha walioteuliwa inampa mtu yeyote nafasi ya kumpelekea karani wa bunge la kaunti ushahidi wa kumpinga mteuliwa, kwa maandishi yaliyoapiwa, kabla ya siku ya mahojiano. Barua ya kawaida, hata ikiwa na sahihi mia, si kiapo. Nendeni kwa kamishna wa viapo. Kila aya iwe na tukio moja, tarehe yake na nakala ya waraka, na mwenye kuapa awe aliyeona kwa macho yake. “Tumesikia” huanguka swali la kwanza. Mfikishe nakala mbili kwa karani na mrudi na moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.