Eddie Aikau ni nani hasa?

Umeuliza kwa nini shindano la kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao huko Waimea, ghuba ya kisiwa cha Oahu, Hawaii, linaitwa The Eddie. Ni jina la Eddie Aikau, Mhawaii aliyezaliwa kisiwa cha Maui mwaka 1946. Mwaka 1968 aliajiriwa kuwa mwokoaji ufukweni huko kaskazini mwa Oahu, na inasemekana aliokoa zaidi ya watu 500. Waimea mawimbi ya kipupwe hupanda kama nyumba ya ghorofa, naye alikuwa akiingia na ubao wake tu.

Lakini kinachonigusa zaidi ni Machi 1978. Alikuwa baharia wa Hokulea, chombo cha tanga cha mitumbwi miwili iliyounganishwa, kilichokuwa kikielekea Tahiti, kisiwa cha mbali kusini mwa Pasifiki, kwa kufuata nyota, kama walivyosafiri mababu wa Wahawaii. Kilipinduka usiku kwenye dhoruba, kusini mwa kisiwa cha Molokai. Asubuhi Eddie akapanda ubao wake, akapiga maji kwa mikono kuelekea kisiwa cha Lanai kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa baadaye siku hiyohiyo. Yeye hakuonekana tena, hadi leo. Alikuwa na miaka 31.

Shindano hufanyika mawimbi yakiwa makubwa kwelikweli tu, hivyo miaka mingi hupita bila kufanyika. Mwaka 2023 alishinda Luke Shepardson, mwokoaji aliyekuwa zamu siku hiyohiyo!